Rangi Iliyokauka Bila Kukomaa: Tuangalie Pia Vitawanyishi

Malalamiko kuhusu mipako ya viwandani yanayoletwa kwetu wakaguzi yameongezeka, na mengi yana sura moja: rangi ya sehemu mbili imepigwa juu ya chuma, imekauka vizuri, kazi imepokelewa na kulipwa, kisha baada ya wiki chache ukucha unazama kwenye rangi, au tone la mafuta ya mashine linaacha doa laini lisilorudi kuwa gumu. Mlalamikaji huja na mtuhumiwa wake tayari. Wengi hudai kwamba hadena, yaani sehemu ya pili inayoigumisha rangi, ilikuwa mbovu, wengine hulaumu baridi au unyevu, na mara nyingine madai hayo ni ya kweli. Hata hivyo, yapo mashauri ambayo uchunguzi wake huishia kwenye kiambato ambacho hakuna upande uliokitaja, nacho ni kitawanyishi: kemikali inayotiwa wakati wa kusaga ili chembe za pigmenti, yaani unga unaoipa rangi sura yake, zitengane na zisishikamane tena ndani ya kopo.

Dhana iliyoenea ni kwamba kitawanyishi kikishamaliza kazi ya kusaga hakina tena la kufanya. Dhana hiyo si sahihi, na inasikitisha kuisikia kwa watu wanaochanganya rangi kila siku. Molekuli ya kitawanyishi cha kisasa ina sehemu ya kujishikiza kwenye uso wa chembe, ambayo kwa kawaida ni amini, asidi ya kaboksili au fosfeti, na ina mikia mirefu ya polima inayoelea ndani ya resini, yaani gundi inayoshika pigmenti, na kuzuia chembe zisikaribiane. Amini na asidi hizo ni za jamii ileile ya kemikali zinazoendesha ukomaaji wa rangi, yaani mmenyuko unaoifanya iwe ngumu kabisa baada ya kukauka. Kwa hiyo kila kitawanyishi kinachobaki huru, bila kushika chembe, kinaweza kuingia katika mmenyuko ambao hakikualikwa.

Katika rangi za epoksi, kitawanyishi chenye amini za daraja la tatu huweza kuharakisha ukomaaji, jambo ambalo fundi hulifurahia hadi anapogundua kwamba muda wa kutumia mchanganyiko umepungua na rangi inamgandia ndani ya bunduki ya kupulizia. Kikiwekwa kwenye kopo la resini, amini hizo huendelea kufanya kazi polepole ghalani, na rangi huzidi kuwa nzito kabla hata ya kukutana na hadena. Kitawanyishi chenye asidi nacho hakitabiriki kwa kuangalia jina tu. Fosfeti yenye asidi kali inaweza kuungana na amini za hadena na kutengeneza chumvi, hivyo kuzichelewesha. Lakini asidi ya salisiliki, ambayo nayo ni asidi, hutumika kwa makusudi kuharakisha hadena za amini. Anayesema kwamba asidi huzuia na amini huharakisha, akaishia hapo, hajafanya majaribio.

Kwenye rangi za poliurethani hesabu ni kali zaidi, kwa sababu isosianeti, ambayo ndiyo kiini cha hadena yake, humenyuka na karibu kila chenye hidrojeni iliyo tayari kutoka. Kitawanyishi chenye hidroksili, au chenye amini za daraja la kwanza na la pili, hula sehemu ya hadena iliyopimwa kwa ajili ya resini. Vitawanyishi vingi huuzwa vikiwa vimeyeyushwa ndani ya maji, na hapa ndipo tunapoona uzembe usio na sababu, yaani mtu kuchukua kitawanyishi cha rangi ya maji na kukitia kwenye rangi ya kiyeyushi kwa kuwa kilikuwepo dukani. Gramu 1 ya maji hula takriban gramu 23 za hadena yenye asilimia 20 ya isosianeti, na hutoa kaboni dioksidi inayoacha vishimo kwenye rangi. Hakuna hali ya hewa inayohitaji kulaumiwa katika kesi kama hiyo.

Mipako ya kuokwa, hasa ya poliesta na melamini, ndiyo inayotupa kazi kubwa zaidi. Rangi hizi hukomaa kwa kichocheo cha asidi kali, mara nyingi asidi ya paratoluini sulfoniki, inayotiwa kwa kiasi kidogo sana, na kitawanyishi chenye amini huiendea asidi hiyo moja kwa moja na kuipoozesha. Tuchukue mchanganyiko wenye gramu 100 za resini kavu, gramu 1 ya kichocheo na gramu 10 za pigmenti za kikaboni zilizosagwa kwa gramu 5 za kitawanyishi halisi. Iwapo thamani ya amini ya kitawanyishi hicho ni 40, maana yake kila gramu inalingana na miligramu 40 za hidroksidi ya potasiamu, na amini hizo zikiwa huru zote zinaweza kufunga takriban gramu 0.6 za asidi. Zaidi ya nusu ya kichocheo imekwenda. Mwenye kiwanda huongeza joto la tanuri, rangi inaanza kugeuka manjano, na bado haikomai.

Baadhi ya watengenezaji hutujibu kwamba vichocheo vilivyofungwa navyo vina amini, na bado rangi hukomaa. Ni kweli, ila amini inayofunga kichocheo huchaguliwa iwe nyepesi ili ivukizwe na joto la tanuri na kuiachia asidi. Amini iliyo kwenye mnyororo wa polima haina pa kwenda. Hubaki ndani ya rangi muda wote ambao chuma kipo tanurini.

Rangi za alkidi, ambazo hukomaa kwa oksijeni ya hewa zikisaidiwa na vikaushio vya kobalti, zinaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Kaboni nyeusi yenye chembe ndogo sana hunyonya vikaushio kwenye uso wake, na ndiyo maana rangi nyeusi iliyokauka kwa saa chache siku ya kutengenezwa inaweza kubaki yenye kunata baada ya kukaa ghalani miezi kadhaa. Kitawanyishi kinachofunika vizuri uso wa chembe hupunguza upotevu huo. Kupima ukaukaji wa rangi ya siku hiyohiyo peke yake, basi, hakutoshi. Kwa mipako inayokomazwa kwa mwanga wa urujuanimno, pigmenti iliyotawanywa vizuri hufunika vizuri zaidi, na kwa sababu hiyohiyo huweza kuzuia mwanga usifike chini. Hapo uso huwa mgumu na kitako hubaki laini.

Kuhusu kipimo, kitawanyishi hakipimwi kwa uzito wa rangi nzima. Hupimwa kwa eneo la uso wa pigmenti. Dioksidi ya titani huhitaji asilimia chache tu za uzito wake, pigmenti za kikaboni huhitaji mara nyingi zaidi, na baadhi ya kaboni nyeusi huhitaji kitawanyishi kinachokaribia uzito wao wenyewe. Kikizidi, ziada hukaa kati ya minyororo ya resini na kuilainisha, hupanda juu ya uso na kudhoofisha mshikamano wa koti linalofuata, au huvuta maji na kuleta malengelenge. Kuongeza kitawanyishi eneo la kazi kwa sababu rangi imetulia chini ya kopo ni kosa ambalo tungependa lisirudiwe. Rangi iliyotulia hukorogwa; isipokorogeka, hurudishwa kwa mtengenezaji.

Upimaji wetu huanza na msuguo wa kiyeyushi kwa utaratibu wa kiwango cha Marekani cha ASTM D5402. Kitambaa cha pamba hulowekwa methili ethili ketoni, mkaguzi aliyevaa glavu na miwani hukisugua juu ya rangi kwa mkandamizo usiobadilika, kwenda na kurudi kukihesabiwa msuguo mmoja, na kitambaa hulowekwa tena kabla hakijakauka. Idadi ya misuguo hutegemea waraka wa mradi. Kinachoangaliwa ni rangi iliyohamia kwenye kitambaa na kama mng'ao umefifia, kisha eneo hulinganishwa na lile la jirani ambalo halikuguswa. Ugumu hupimwa kwa penduli kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 1522, na mshikamano kwa kuvuta kwa mujibu wa ISO 4624. Matokeo yakikinzana, kipande hupelekwa maabara kupimwa joto ambalo rangi hugeuka kutoka ugumu wa kioo na kuwa laini.

Mpako ukishindwa, hati ya kupokelewa kazi haitolewi, bechi, yaani fungu la rangi lililotengenezwa pamoja, husimamishwa, na mtengenezaji hutakiwa kuwasilisha kumbukumbu za kila kiambato kilichobadilishwa, kikiwemo kitawanyishi, hata kama anakiona kidogo. Mkandarasi haruhusiwi kupiga koti jipya juu ya lile laini ili kuficha tatizo. Rangi huondolewa hadi kwenye chuma, uso husafishwa upya kwa kupuliziwa chembe za abrasivu, na gharama hubebwa na upande ambao mkataba unautaja. Anayebainika kuongeza kemikali isiyomo katika maelezo ya kiufundi hupoteza dhamana ya mtengenezaji, na hilo halina rufaa kwetu kwa kuwa dhamana si yetu.

Sampuli ziletwe zikiwa resini na hadena kando, kila moja katika kopo lake lililofungwa kwa lakiri, zikiwa na namba za bechi, tarehe, na saini za pande zote mbili, pamoja na kipande cha chuma kilichopigwa rangi hiyohiyo. Kopo lililokwisha kutiwa kitu baada ya kufunguliwa halipokelewi kuwa ushahidi dhidi ya mtengenezaji.