Tupac hayupo Cuba

Vijiweni hapa Mtwara, Mikindani hadi Chikongola, bado kuna wanaoapa kuwa Tupac Shakur, rapa wa Marekani, yu hai, kajificha Cuba. Hapana. Alipigwa risasi Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996, akafariki hospitalini siku sita baadaye. Mama yake, Afeni, aliishi na msiba huo hadi naye alipofariki 2016, tumwonee huruma.

Uvumi ulinoga kwa sababu albamu ziliendelea kutoka. Lakini Tupac alikuwa akirekodi mfululizo, akaacha nyimbo nyingi stoo. Wengine hutaja jina lake la kisanii la Makaveli, alilolitoa kwa Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, eti naye aliigiza kifo. Hakuigiza, alifariki 1527.

Ile picha inayozunguka WhatsApp, ya mzee mwenye kitambaa kichwani anayedaiwa kuwa Tupac, nani aliipiga, lini? Anayeituma hajui.