Afe punda, mzigo ufike? Dhana potofu kuhusu safari za punda wa mizigo

Msemo wa "punda afe, mzigo ufike" unapendeza ukiwa umeandikwa nyuma ya lori. Kwenye njia ya Nainokanoka kuelekea kreta ya Empakaai, huko nyanda za juu za Ngorongoro, hauna maana: punda akianguka, mzigo haufiki, na unabaki na mahema, unga na madumu ya maji huku jua likizama. Kijana wa Arusha au Moshi anayetoka kwenye upagazi wa mlimani akataka kujifunza safari za punda huja na mambo mengi ya vijiweni. Mengine hayana madhara. Mengine huchubua mgongo kabla ya saa sita mchana.

Dhana: Nyumbu wa mizigo ni yule yule wa Serengeti, ila amefugwa.

Hapana. Lugha yetu imewapa wanyama wawili jina moja. Nyumbu wa Serengeti ni wa jamii ya swala, hafugiki wala hatandikwi. Nyumbu wa mizigo, ambaye wengine humwita baghala, ni chotara wa punda dume na farasi jike, na karibu wote ni tasa. Ana nguvu kuliko punda, lakini huku ni adimu, na sababu mojawapo ni ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Punda huuhimili vizuri, nyumbu na farasi huwaua. Ongeza mbung'o, na utaelewa kwa nini jeshi la Waingereza lililopita Moshi mwaka 1916 lilipoteza wanyama wa mizigo kwa maelfu, kisha likaishia kuwabebesha watu. Kwa hiyo jifunzie kwa punda. Kanuni za kufunga ni zile zile.

Dhana: Punda anabeba chochote, mradi anasimama.

Punda mkomavu wa kienyeji ana kilo 120 hadi 150 hivi. Mzigo salama ni robo ya uzito wake, na usizidi theluthi, tandiko likiwa limehesabiwa ndani. Kwa njia ya milima, anayeanza apange kilo 30 hadi 35 kwa punda mmoja na asisogee hapo. Sasa piga hesabu ya kawaida ya kisimani: madumu manne ya lita 20 ni zaidi ya kilo 80. Ndiyo, punda huyo anatembea. Anatembea kwa sababu si mnyama wa kulalamika. Atavumilia kimya hadi siku atakapokataa kuinuka.

Umri nao uangaliwe. Kabla ya miaka mitatu asibebeshwe kitu, na mzigo kamili usubiri afike minne au mitano. Ukienda kununua mnadani, Weruweru au Meserani, usitazame ukubwa wa mwili peke yake. Pitisha kiganja mgongoni kuanzia mabegani hadi kiunoni ukibonyeza kidogo. Akijikunja au akizamisha mgongo, kuna maumivu. Mabaka ya nywele nyeupe mahali pa tandiko ni makovu ya vidonda vya zamani.

Dhana: Ukitupia gunia au kipande cha godoro mgongoni, inatosha.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mgongo wa punda una mfupa katikati na misuli pande mbili. Mzigo unatakiwa ukae juu ya misuli, mfupa uachwe bila kuguswa. Kipande cha sponji kinaonekana laini asubuhi, lakini chini ya kilo 30 hubanwa kikawa kama karatasi, na kamba zinaanza kukandamiza uti wa mgongo.

Tandiko la bei nafuu linalofanya kazi hushonwa kwa magunia ya katani: mito miwili mirefu, kila mmoja kama nusu mita, iliyoshindiliwa majani makavu ya ngano au nyasi hadi iwe migumu. Mito hiyo inaunganishwa ikiacha mfereji katikati wa upana wa vidole vinne. Ikikaa mgongoni unatakiwa uone mwanga ukichungulia kwa nyuma. Chini yake weka blanketi safi lisilo na mikunjo wala miiba. Mbegu moja ya nyasi kali ikinaswa hapo itatoboa ngozi kwa mwendo wa saa mbili. Kiroba cha plastiki kisiguse ngozi, kinachemsha jasho.

Ukitandika, weka tandiko mbele kidogo ya mahali pake kisha livute nyuma ili nywele zilale. Likae nyuma ya mabega, mahali ambapo mguu wa mbele unaweza kwenda bila kuligonga.

Dhana: Mzigo usiteleze? Kaza mkanda wa tumbo.

Mkanda wa tumbo hauwezi kufanya kazi ya mikanda mitatu. Punda, tofauti na farasi, hana kinundu cha maana juu ya mabega cha kuzuia tandiko, kwa hiyo kwenye mteremko linakimbilia shingoni. Kinacholizuia ni mkanda mpana wa nyuma unaozunguka makalio, chini ya mkia, karibu nusu ya paja. Kwenye mwinuko, mkanda wa kifuani ndio unaolizuia lisirudi nyuma. Ukae juu ya mfupa wa bega na usipande kooni. Njia ya kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hadi Ziwa Natron, ambalo liko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ni ya kuteremka zaidi kuliko kupanda. Bila mkanda wa makalioni usiondoke. Wengine hubana kamba ya nailoni chini ya mkia kama njia ya mkato. Hiyo hukata ngozi kama msumeno.

Kuhusu mkanda wa tumbo wenyewe: punda wengi huvuta pumzi unapowafunga. Kaza kiasi, mtembeze dakika tano, kaza tena, halafu kagua baada ya nusu saa ya mwendo. Vidole viwili vipite chini yake kwa kubanwa kidogo. Vikipita vitatu bila shida, umelegea.

Dhana: Kukadiria kwa mkono kunatosha.

Nunua mizani ya ndoano. Mifuko ya pande mbili isitofautiane zaidi ya kilo moja. Tofauti ya kilo tatu haionekani kwa macho, lakini kila hatua inavuta tandiko upande mmoja, na baada ya kilomita tano mto mmoja umepanda juu ya uti wa mgongo. Vitu vizito vikae chini na karibu na mwili; sufuria na vyenye pembe vitazame nje. Juu, katikati, weka vyepesi tu kama matandiko ya kulalia. Upande ukipungua njiani kwa sababu mmekula unga, jiwe linaloongezwa upande mwepesi ni suluhisho halali kabisa, usione haya.

Kupakia ni kazi ya watu wawili, kila mmoja upande wake, mifuko ikipanda kwa wakati mmoja. Mtu akiwa peke yake, mfuko wa kwanza unalivuta tandiko lote tumboni, na punda anajifunza siku hiyo hiyo kwamba kupakiwa ni jambo la kukimbia.

Dhana: Punda ni mkaidi, na shukrani yake ni mateke.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama akatazama. Ukimchapa wakati huo unamthibitishia kwamba mahali pale pana hatari. Tazama masikio yanaelekea wapi: mara nyingi ni maji yanayong'aa, mfuko uliopeperushwa, au harufu ya fisi. Mpe dakika moja mbili, au mpitishe kwanza punda mzoefu. Mateke nayo huepukika: karibia begani huku unaongea, na ukizunguka nyuma, ama pita umemgusa kabisa ukiburuza mkono juu ya makalio, ama pita mbali.

Dhana: Wafunge msururu, kamba kwa kamba, wasipotee.

Kwenye kingo nyembamba, mmoja akiteleza anawavuta wenzake wote. Wanaotumia misururu, kama wa milima ya Marekani, huunganisha kwa kipande cha uzi dhaifu unaokatika mnyama akianguka. Wamaasai hawafungi kabisa. Huwaswaga kwa nyuma wakiwa huru, na kwa njia zetu huo ndio utaratibu bora. Na hapa niseme: walimu wenyewe mara nyingi ni akina mama, kwa kuwa kwenye boma nyingi wao ndio wenye punda na ndio wanaowapakia wakati wa kuhama. Kijana anayemkwepa mama akatafuta kufundishwa na morani anazunguka bure.

Dhana: Punda hahitaji matunzo, ni mnyama wa porini tu.

Huvumilia kiu kuliko ng'ombe, lakini uvumilivu si kutohitaji: lita 15 hadi 25 kwa siku. Nywele zake hazizuii maji, hivyo mvua ya usiku kwenye baridi ya nyanda za juu humletea homa ya mapafu kirahisi. Apate turubai au kibanda. Usiku alale ndani ya boma la miiba kwa sababu ya fisi. Kwato zichokolewe kila asubuhi na jioni, kutoka kisigino kuelekea ncha. Punda aliyeacha kula siku nzima asisubiriwe hadi kesho, maana mafuta ya mwilini huanza kujaa kwenye damu na huweza kumuua. Mwite daktari wa mifugo.

Mkifika kambini, shusha mifuko yote miwili kwa pamoja, legeza mikanda, na uache tandiko dakika kumi mgongo upoe. Kisha liondoe ukatazame jasho. Likiwa limeenea sawasawa pande mbili, na mstari mkavu katikati juu ya mfupa, tandiko limekaa vizuri. Kiduara kikavu ndani ya eneo lenye jasho kinaonyesha mahali palipobanwa hadi damu ikashindwa kupita. Kesho hapo patavimba. Toa nyasi kidogo kwenye mto mahali hapo, ushone upya usiku huo huo.