Nchi gani ina watafiti wengi? Kwanza uliza wamehesabiwaje

Swali ambalo sisi watu wa takwimu za utafiti hapa Dodoma tunaulizwa sana ni kwamba Tanzania tuna watafiti wangapi ukilinganisha na wenzetu, na mimi huwa narudisha swali: unataka vichwa au unataka muda? Wengi wanashangaa, lakini hapo ndo penye kazi yote.

Chukua mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Jumatatu mpaka Jumatano anafundisha, Alhamisi inaishia kwenye kusahihisha na vikao vya idara, Ijumaa ndo anapata upenyo wa kwenda Hombolo kuangalia mtama wake wa majaribio. Ukihesabu vichwa huyo ni mtafiti mmoja, ukihesabu muda ni 0.2 tu, yaani wahadhiri watano wa namna hiyo ndo wanatoa mtafiti mmoja wa muda kamili. Ila yule wa Makutupora, kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, aliyeajiriwa afanye utafiti wa zabibu, na kweli anaufanya wiki nzima, yeye ni 1. Kwa hiyo ukichukua nchi iliyohesabu vichwa ukaiweka meza moja na iliyohesabu muda, umeshapotosha watu kabla hujaanza hata kuongea.

Utaratibu wenyewe upo tangu 1963, wataalamu wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, walikutana Frascati, Italia, wakaandika mwongozo ambao toleo linalotumika sasa ni la 2015. Unagawa nguvu kazi ya utafiti makundi matatu: watafiti, mafundi sanifu na wasaidizi. Yule dada wa Makutupora anayekamua tone la zabibu kwenye kifaa, anasoma kiwango cha sukari, anaandika kwenye daftari, anahamia mstari unaofuata, huyo ni fundi sanifu. Haingii kwenye hesabu ya watafiti, ila kwenye nguvu kazi ya utafiti yumo, na bila yeye hakuna data. Afisa ugani anayezunguka Bahi kufundisha wakulima hayumo kabisa, daktari anayetibu tu naye hayumo hata awe na PhD, maana kinachoangaliwa ni kazi anayoifanya mtu, cheti siyo hoja.

Angalia kilichotokea China. Kati ya 2008 na 2009 idadi ya watafiti wake kwenye takwimu za kimataifa ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mpaka kama milioni 1.15, na hakuna maabara zilizofungwa wala watu waliopunguzwa kazini, ni kwamba walianza kuhesabu kwa tafsiri ya Frascati. Asiyejua hilo ataangalia mchoro wa takwimu hizo aseme sayansi ya China ilianguka.

Halafu kuna ukubwa wa nchi. Mwaka 2018 Korea Kusini ilikuwa na watafiti wa muda kamili zaidi ya 400,000, India kama 340,000. Korea ina watu kama milioni 51 tu, India wamepita bilioni 1.3, kwa hiyo kwa kila watu milioni moja Korea ilikuwa na karibu 8,000 na India kama 250. Hii ya kugawa kwa watu milioni ndo inayotumika pia kwenye malengo ya maendeleo endelevu, na ndo naiamini zaidi.

Sisi je? Kwa takwimu za UNESCO za 2013 tulikuwa chini ya 20 kwa kila watu milioni moja, kwa muda kamili, wakati wastani wa dunia kufikia 2018 ulipita 1,300. Hata ukibadilisha namna ya kuhesabu, pengo la hivyo halizibiki, ni kweli watafiti ni wachache na hilo linaniuma.

Ila uchache wetu tusiuongeze kwa uzembe wa karatasi. Madodoso ya kuhesabu watafiti yanarudi sehemu ya muda ikiwa tupu, au kila mtu kaandikiwa asilimia 100, au mafundi wa maabara wameachwa wote. Nawaomba wakuu wa idara, dodoso likifika msimwachie mhasibu ajaze peke yake, kaeni na kila mtumishi mumuulize mwaka uliopita muda wake ulienda wapi, kufundisha kiasi gani, utawala kiasi gani, utafiti kiasi gani, muandike hivyo hivyo. Na wanafunzi wa PhD walioko kwenye miradi yenu watajeni kwenye safu yao, wasichanganywe na wahadhiri.