Je, wajua kwa nini usukani wa mashua ya zamani hugonga usiku?

Mashua ya tanga imetia nanga, upepo umelala. Halafu inaanza: ko... ko... ko, kutoka tezini, nyuma ya chombo, chini ya maji. Ni usukani unacheza. Mchana hukuusikia kwa sababu chombo kikienda, maji huubana usukani upande mmoja. Kikisimama, kila kiwimbi huutupa huku na huku.

Kwenye mashua nyingi za faibaglasi, usukani umeshikwa na mhimili wa chuma unaopanda ndani ya bomba hadi kwenye kana, ule mkono wa nahodha. Ndani ya bomba mna bushi mbili, yaani vibomba vifupi vinavyoushika mhimili usicheze, ya juu na ya chini. Hizo ndizo zinazolika, na zikishaanza kulika, kule kugonga kwenyewe huzidi kuzila.

Nafasi ndogo hapo hudanganya. Tuseme bushi zimeachana sentimita 50, na ncha ya usukani iko mita 1 chini ya bushi ya chini. Kila bushi ikiwa na nafasi ya milimita 1 tu, ncha itacheza milimita 5. Kwa hiyo usishtuke ukiishika ncha ikatikisika. Shtuka ukijua mchezo unatoka pengine.

Na hapo ndipo wengi hukosea: wananunua bushi kabla ya kujua kinachocheza ni nini. Chombo kikiwa nchi kavu, mmoja ashike kana isisogee, mwingine aishike ncha. Kwanza aisukume kushoto na kulia. Mhimili ukitikisika ndani ya bomba, kosa ni la bushi. Kisha auzungushe usukani. Ukigeuka na kana imetulia, angalia kiungo cha kana na mhimili. Mara nyingi ni boliti tu imelegea.

Kiungo kikiwa kizima, basi ugonjwa uko ndani ya usukani, na huo ndio wa kuogopa. Humo mna mabamba yaliyochomelewa kwenye mhimili, yamezungukwa na povu gumu na maganda ya faibaglasi. Maji hupenya pale mhimili unapoingilia. Chuma cha pua huhitaji oksijeni ili kujilinda; kikikaa kwenye maji yaliyotuama, huliwa kimyakimya. Toboa tundu dogo chini kabisa: yakitoka maji ya rangi ya kutu, sahau bushi. Usukani wa namna hiyo unaweza kukatika ukabaki baharini.

Ikiwa ni bushi, usukani hushushwa kwa chini, kwa hiyo utachimba shimo au utainua chombo juu zaidi. Pima mhimili penye bushi, maana nao hulika. Na plastiki ya bushi mpya ichague kwa makini. Nailoni hunywa maji na kuvimba: bushi iliyoingia vizuri ikiwa kavu huja kuubana mhimili baadaye, kana ikawa nzito kama imetiwa breki. Asetali, plastiki nyingine ngumu, haivimbi kiasi hicho.

Usukani unaoning'inia nje ya tezi ni kazi nyepesi. Unakaa kwenye bawaba za pini na pete. Tundu la pete likilika huwa na umbo la yai. Lipanue liwe duara tena, tia bushi nyembamba, rudisha pini. Ila kabla ya hapo tikisa pete zenyewe. Pengine zinazocheza ni boliti kwenye mbao iliyooza.