Kozi ya malezi inayotolewa shuleni ni nini?

Mzazi wa Kiswahili anayeishi Uingereza akipata barua ya shule inayomwalika kwenye kozi ya malezi, mara nyingi wazo la kwanza humjia kwamba ameshitakiwa. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi, kwani kwetu mzazi akiitwa shuleni hujua ni mchango au ni utundu wa mtoto. Kuitwa ili asaidiwe ni jambo geni.

Kozi ya malezi ni mfululizo wa vikao vya kila wiki, aghalabu vya saa mbili, ambamo kikundi kidogo cha wazazi hukaa na mwezeshaji kujifunza namna ya kuishi na watoto wao nyumbani. Shule hutoa chumba, na pengine mtu wa kuwaangalia wadogo wasiofikia umri wa kusoma, lakini masomo yenyewe kwa kawaida yametungwa kwingine. Mitaala miwili iliyoenea ni Incredible Years wa mwanasaikolojia Carolyn Webster-Stratton, ulioanzia Seattle, Marekani, na Triple P wa Matt Sanders, ulioanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia.

Katika Incredible Years, mwezeshaji huonyesha video fupi ya mzazi akicheza na mtoto, huisimamisha katikati na kuuliza wazazi wameona nini, kisha mmoja wao hujifanya mtoto anayekataa kuvaa viatu na mwenzake hujaribu kumshawishi. Kazi ya nyumbani ya mwanzo ni kucheza na mtoto dakika 10 kila siku, mchezo aliouchagua mwenyewe, bila kumwelekeza. Huonekana kazi ndogo mpaka mtu ajaribu kumaliza dakika hizo bila kusema "si hivyo". Kusifu nako kuna utaratibu wake: "hongera" tupu haitoshi, mtoto aambiwe alichokifanya, kwamba ameweka viatu mahali pake bila kukumbushwa.

Wapo wanaosema kulea hakufundishwi. Nadhani wamemsahau kungwi.

Panapowakwaza wengi ni kwenye fimbo. Scotland iliharamisha kumchapa mtoto mwaka 2020 na Wales mwaka 2022, ilhali kwa England sheria ya mwaka 2004 iliubana tu utetezi wa "adhabu ya kadiri", yaani hoja ya mzazi mahakamani kwamba alimchapa mtoto kwa kiasi ili kumwadhibu. Kozi haianzi kwa kuhukumu; hutumia vikao vingi kumpa mzazi cha kushika mahali pa fimbo, na hilo ndilo lililo gumu.

Msaada wa familia ni mpana kuliko kozi. Shule nyingi zina afisa wa familia anayeweza kumsaidia mzazi kujaza fomu za nyumba au kushughulikia mtoto asiyelala usiku. Akiona mambo ni mengi, hupendekeza mpango wa "msaada wa mapema", ambao hauendi bila ridhaa ya mzazi. Uchunguzi wa ulinzi wa mtoto, ulio chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, ni kitu kingine na hausubiri ridhaa. Afisa huyohuyo akihofu kwamba mtoto anadhurika, atalazimika kuripoti.

Kuna pia amri ya malezi, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1998 na kupanuliwa mwaka 2003 ili iwahusu hata wazazi wa watoto waliofukuzwa shule kwa utovu wa nidhamu. Hiyo hutolewa na mahakama. Humlazimu mzazi kuhudhuria vikao kwa muda usiozidi miezi 3, na akiikiuka anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Shule haina uwezo wa kuitoa, hivyo barua iliyokuja ndani ya mkoba wa mtoto, ikieleza siku, saa na chumba, ni mwaliko, na mzazi anaweza kuukataa. Akiukubali na Kiingereza kikawa kinampiga chenga, aombe mkalimani mapema, kabla ya kikao cha kwanza.