Pinel Hakufungua Ile Minyororo

Juzi tena. Semina, slaidi ya kwanza, ule mchoro wa Tony Robert-Fleury: Daktari Philippe Pinel kasimama katikati, mwanamke anambusu mkono. Mwezeshaji akasema, "Huyu ndiye aliyewafungua wagonjwa wa akili minyororo." Nikanyoosha mkono. Wenzangu wa wodini wakaguna, wananijua.

Mchoro ni wa 1876. Pinel alifariki 1826. Halafu tazameni vizuri: anayehangaika kumfungua binti mmoja ni mtu mwingine. Daktari anaangalia.

Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, wodi ya wanaume wagonjwa wa akili iliendeshwa na Jean-Baptiste Pussin. Si daktari. Fundi ngozi aliyelazwa pale kwa kifua kikuu cha tezi, akapona, akabaki kuwa mtumishi. Pinel alipofika 1793 alimkuta yeye na mkewe, Marguerite, wanaijua wodi nje ndani. 1795 Pinel akahamia Salpêtrière, hospitali ya wanawake. Minyororo ya Bicêtre ilitolewa baada ya yeye kuondoka, na aliyeitoa ni Pussin. Pinel mwenyewe aliliandika hilo! Hadithi ya daktari shujaa ilikuja kukuzwa na watu wengine, akiwemo mwanawe Scipion.

"Sasa kuna tofauti gani?" mwezeshaji akauliza. Kubwa sana, kaka. Daktari hupita raundi akaenda zake. Mgonjwa anabaki na sisi. Pussin alianzia kwa watumishi: ni marufuku kumpiga mgonjwa, hata kama kakupiga yeye. Wakagoma, wakidai hawatakuwa salama. Akawafukuza waliogoma, akaajiri waliopona humo humo wodini, watu wanaokumbuka fimbo ilivyouma. Ukitoa mnyororo ukawaacha watumishi wale wale na fimbo zao, umefanya nini?

Ila kuna jambo linalonisumbua. Badala ya minyororo Pussin alitumia koti la kubana mikono. Na mimi nimewahi kumfunga mgonjwa kwa shuka, zamu ya usiku, tuko wauguzi wawili kwa wodi nzima. Nikaandika kwenye faili, "kwa usalama wake." Wake, au wangu? Na ile sindano ya kutuliza tunayomchoma mtu kwa nguvu, hadi leo sijui niiweke upande wa Pussin au upande wa mnyororo. Asubuhi baada ya zamu ile ya shuka nilimuuliza matroni. Alilisoma faili, akanirudishia.

"Hujaandika saa uliyomfungua."