Siyo "uelewa mdogo", jamani

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha bajeti: wananchi hawaziamini huduma za serikali mtandaoni kwa sababu uelewa wao ni mdogo, kwa hiyo tufanye kampeni ya uhamasishaji. Kazi yangu ni kukaa na watu wanapojaza fomu hizo na kuangalia wanakwama wapi, na hoja hii imenichosha.

Watu wanaelewa. Anayepiga picha ya skrini kila hatua, akachapisha risiti, kisha bado akapita dirishani kuuliza kama ombi limeingia, si mshamba wa teknolojia. Pengine alishaambiwa "mfumo hauoneshi malipo yako", na anajua ikitokea tena ushahidi utadaiwa kwake, siyo kwa mfumo.

Usalama niupitie haraka. Usimbaji (kuificha taarifa isisomeke njiani), uthibitisho wa hatua mbili, sawa, vyote viwepo. Ila ile alama ya kufuli kwenye kivinjari inahusu safari ya taarifa tu. Ikishafika, nani anaifungua? Hilo ndilo ninaloulizwa. Estonia wamelijibu kwa njia rahisi kueleza, ingawa si rahisi kuijenga: raia anaingia kwenye akaunti yake na kuona taasisi zipi zimetazama taarifa zake.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Kuamini chombo, yaani mfumo, ni jambo moja, kumwamini mwenye chombo, yaani serikali, ni jingine. Watafiti wamezitenganisha imani hizi mbili tangu zamani, lakini vikaoni zinapikwa chungu kimoja. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba mfumo unafanya kazi, na hofu yake ikatokana na hapo hapo.

Tazama Robodebt ya Australia, mfumo wa kompyuta wa kuwadai watu msaada wa serikali uliodhaniwa wamelipwa kupita kiasi. Serikali ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ikakigawanya sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, ikalinganisha na alichoripoti alipokuwa akipokea msaada, kisha ikamdai tofauti. Mwenye kazi ya msimu, aliyelipwa vizuri miezi michache na kukosa kabisa miezi mingine, akajikuta na deni. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba hadaiwi ukawa wake, atafute hati za mshahara za miaka iliyopita. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kurudisha dola za Australia milioni 721 za madeni 470,000. Tovuti haikuzimika, wala hapakuwa na mdukuzi. Sasa niambie, watu hao wangepewa semina ya nini?

Linganisha na HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kujiandikisha bima ya afya. Ilizinduliwa Oktoba 1, 2013, ikaelemewa siku hiyo hiyo. Waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza walikuwa sita. Aibu tupu. Lakini ilirekebishwa, watu wakarudi, na kufikia Aprili 2014 waliojiandikisha kupitia masoko ya bima ya serikali kuu na ya majimbo walikuwa takribani milioni 8. Kuzimika kwa tovuti watu husamehe, hasa wakiambiwa ukweli. Kudaiwa usichodaiwa, ukakosa hata pa kulalamikia, hakusahauliki.

Ndiyo maana nikipewa mfumo kuukagua, huanza na ukurasa wa kukataliwa. Unataja sababu, au umeandika "ombi halikufanikiwa" basi? Kuna mahali pa kukata rufaa, na anayeisoma rufaa ni binadamu mwenye mamlaka ya kubadilisha uamuzi? Mara nyingi ukurasa huo umeandikwa na mtengeneza programu usiku wa mwisho kabla ya uzinduzi.

Lakini nami sina raha na vipimo vyetu. Ofisi hufunga madirisha, kisha idadi ya walioingia mtandaoni ikipanda, ripoti huandika kwamba imani imeongezeka. Imani ipi, na mlango mwingine umefungwa? Hata pale dirisha likiwa wazi, sijui namna safi ya kutenganisha wanaotumia kwa kuwa wanaamini na wanaoamini kwa kuwa wametumia wakapata walichotaka.

Na sina hakika imani ikipanda ni heri. Septemba 2017 Estonia ilitangaza kasoro ya kiusalama iliyogusa vitambulisho takribani 750,000, vile vile ambavyo raia hutumia kupigia kura mtandaoni. Oktoba, karibu theluthi moja ya kura za serikali za mitaa zikapigwa mtandaoni vilevile. Mimi huona watu waliendelea kuamini kwa sababu ya uwazi ule. Mwenzangu mmoja anasema walipiga kura kwa mazoea tu, na sijapata data ya kumnyamazisha. Zile dodoso zetu za kuridhika hazitusaidii: tunaziweka ukurasa wa mwisho, baada ya "Asante, ombi lako limepokelewa", ambako aliyekwama ukurasa wa tatu hafiki.